Maksai wa Kansay: Panda Shuka za Kumfundisha Ng'ombe Kulima

Dume wa miaka mitatu aliyekulia kwenye malisho ya Kansay, wilayani Karatu, anajua njia ya majani, njia ya maji na mlango wa zizi. Nira ni kitu kigeni kwake. Kumtoa hapo hadi awe maksai anayetembea kwa mstari, anayesimama akiambiwa asimame na kugeuka mwisho wa shamba bila kumkanyaga mwenzake ni kazi ya wiki nyingi, na faida yake haikai tu ikishapatikana. Hupanda, hushuka, na mara nyingine mfundishaji hujikuta amerudi mwanzo kabisa.

Kansay ni mojawapo ya kata za Karatu, wilaya ya nyanda za juu mkoani Arusha ambayo upande mmoja inapakana na Ngorongoro na upande mwingine inateremka hadi bonde la Ziwa Eyasi. Wakazi wengi wa sehemu hizi ni Wairaqw, waliosambaa kutoka milima ya Mbulu katika karne ya 20. Wao ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, na samadi ya zizini imekuwa ikienda shambani tangu enzi za mababu. Plau iliingia Tanganyika wakati wa ukoloni, ikakubalika upesi zaidi mahali palipokuwa na ng'ombe wengi na mashamba ya wazi, kama vile Usukuma, Mara, Singida na Mbulu. Baada ya uhuru, kiwanda cha UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, kilitengeneza zana za kukokotwa na wanyama, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981, kikachukua kazi ya kuziboresha.

Matrekta hayakosekani Karatu, kwa kuwa ni wilaya inayolima ngano. Mwaka 2009 kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilileta pia matrekta madogo ya mkono nchini. Hata hivyo mwenye ekari mbili juu ya mteremko hana nafasi nzuri kwenye foleni ya trekta. Mvua ikinyesha, mwenye trekta huanza na mashamba makubwa ya tambarare, kisha huja kwa wadogo siku ambazo udongo umeanza kukauka. Maksai waliopo nyumbani hutoka asubuhi ile ile mwenyewe anayotaka. Ndiyo sababu bado wanafundishwa.

Kipimo rahisi cha mafunzo ni kuhesabu watu. Jozi isiyojua kazi hutaka watu watatu au wanne: mmoja mbele ameshika kamba, mmoja nyuma ameshika plau, mmoja ubavuni na fimbo, na pengine wa nne wa kumzuia dume anayetaka kukimbilia nyumbani. Jozi iliyoiva hulima na watu wawili, na iliyoiva sana hulima na mtu mmoja anayeshika plau na kusema kwa sauti ya kawaida. Aliyeondoka mbele ya ng'ombe sasa yuko nyuma anadondosha mbegu, au, kama ni mtoto, yuko shuleni. Familia inayolima msimu wa tatu na bado inamhitaji mtoto mbele ina jozi ambayo haijafundishwa, hata kama shamba linalimika.

Kazi huanza na uchaguzi. Dume anayefaa ana umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu: mdogo zaidi ya hapo mifupa haijakomaa, na mkubwa sana ameshajijengea tabia zake na nguvu za kuzitetea. Hutazamwa kifua, unene wa shingo, kwato na miguu ya mbele, kisha hali ya moyo. Mwenye kupigana na kila aliye zizini hatafaa, na anayeshtuka kila kivuli hatafaa vilevile. Wawili wa jozi hutakiwa walingane kimo na mwendo, kwa sababu mrefu akifungwa na mfupi nira hulala upande, na mwepesi akifungwa na mzito mmoja huvuta kazi ya wawili. Kuhasi hufanywa mapema ili kidonda kipone kabla ya mafunzo. Koleo la kuhasi, linalobana mishipa bila kupasua ngozi, ni salama kuliko kisu.

Ng'ombe wa asili wa Mbulu na Karatu, wa kundi la zebu wenye pembe fupi, si mkubwa. Maksai aliyekomaa huwa na kilo 250 hadi 350. Hesabu inayotumiwa na wataalamu wa wanyamakazi ni kwamba ng'ombe huweza kuvuta kwa saa kadhaa mzigo unaolingana na takriban asilimia 10 ya uzito wake. Jozi ya kilo 300 kila mmoja basi ina nguvu ya kilo 60 hivi. Plau ikizama sentimita 15 kwenye udongo mzito hudai kilo 80, mara nyingine 100 na zaidi. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini wakulima wengi wa nyanda za juu hufunga jozi mbili, na kwa nini dume aliyepelekwa kwenye plau kabla hajakomaa huichukia kazi: kazi yenyewe imemzidi, na yeye hana namna nyingine ya kusema isipokuwa kugoma.

Siku za kwanza hakuna nira wala plau. Dume hufungwa kamba ya pembe au hatamu, akaachwa asimame karibu na watu, akapewa majani kwa mkono, akaguswa mgongo, shingo na miguu mpaka ngozi iache kutetemeka. Ng'ombe huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake tu, na kinachomjia kutoka pale asipoona humtia hofu. Mfundishaji mzuri humwendea kwa ubavu, akisema jina lake. Kila dume hupewa jina, na huitwa kwa hilo hilo na watu wote wa nyumba. Baba akimwita hivi na kijana akamwita vile, wiki nzima imepotea.

Nira hufuata. Zebu ana nundu, na hiyo ni bahati kwa fundi seremala, maana mti ulionyooka ukiwekwa mbele ya nundu hupata mahali pa kusukumia. Lakini mti uliochongwa ovyo, wenye kona au gome, huchubua shingo ndani ya siku mbili. Kidonda cha shingo ni chanzo cha sehemu kubwa ya ubishi unaosingiziwa tabia mbaya ya ng'ombe. Nira nzuri huchongwa ikafuata mviringo wa shingo, ikapigwa msasa au kipande cha chupa mpaka iteleze, ikapakwa mafuta. Vijiti vinavyoshuka pande zote mbili za shingo huachwa nafasi ya kutosha ili koo lisibanwe. Dume huvishwa nira akiwa amesimama zizini, huachwa nayo kwa muda mfupi, huvuliwa akiwa bado ametulia. Anayevuliwa wakati anaruka amefundishwa kuruka.

Jambo hilo dogo ndilo kiini cha elimu yote ya wanyama wa kazi. Mnyama hajifunzi kwa kusukumwa. Hujifunza pale msukumo unapokoma. Fimbo inamgusa bega, anapiga hatua, fimbo inaondoka papo hapo: ameelewa. Fimbo ikiendelea kumgusa baada ya kupiga hatua, hana tena sababu ya kupiga hatua kesho. Wafundishaji wengi hukosea katika muda huo mfupi, na wakiona ng'ombe hasikii huongeza nguvu ya pigo badala ya kuharakisha kuliondoa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama wa kazi, lakini hata bila sheria hesabu ni mbaya: ng'ombe anayepigwa sana hutazama fimbo, hatazami mstari.

Kanuni hiyo si ya ng'ombe tu. Ulaya kuna mchezo wa farasi uitwao dresaji, ulioingia katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Farasi hupita hatua mbalimbali katika uwanja wa mita 60 kwa 20, na waamuzi hutoa alama kwa jinsi anavyotii ishara ambazo mtazamaji wa kawaida hazioni. Farasi huchukua miaka kadhaa kufikia ngazi ya juu, na katika miaka hiyo kuna miezi ya kusimama pale pale.  Kanuni ya mafunzo ni ile ile: mguu wa mpanda farasi unabana, farasi anajibu, mguu unaachia. Tofauti ni kwamba farasi wa mashindano analishwa nafaka mwaka mzima na kazi yake ikishindikana anayekosa ni mshindani tu. Maksai akishindwa Kansay, mahindi hayapandwi.

Akishazoea nira, dume hutembezwa bila mzigo, kisha huvutishwa gogo. Gogo ni mwalimu mzuri kwa sababu linakwaruza na kupiga kelele nyuma yake, pale asipoona, na siku chache za kelele hiyo humwandaa kwa mnyororo na chuma cha plau. Huanzwa na gogo jepesi, saa moja tu asubuhi, kabla ya jua kali. Uzito na muda huongezwa pole pole. Mapumziko ya siku moja kwa wiki hayarudishi nyuma mafunzo. Kinachoyarudisha nyuma ni siku moja ya kumchosha mnyama mpaka aanguke.

Njia iliyozoeleka zaidi vijijini, na inayofaa kusifiwa, ni kumfunga kijana pamoja na mzee. Maksai aliyelima misimu mitano hana haja ya kuambiwa kitu. Anapoanza kutembea, kijana anavutwa na nira. Anaposimama, kijana anasimama. Kwa siku kumi hivi mzee hufanya kazi ambayo watu wawili wangeifanya kwa jasho. Njia hii ina ila yake: kijana hujifunza pia tabia za mzee, mbaya kwa nzuri, na akizoea upande wa kushoto hafai kuhamishiwa kulia bila kufundishwa upya. Upande ni jambo kubwa. Plau ya kawaida hupindua udongo kulia, kwa hiyo maksai wa kulia hutembea ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa, na wa kushoto hutembea juu ya ardhi ngumu. Wa kulia ndiye usukani. Akitoka nje ya mfuo, mstari wote unapinda, na mstari wa pili unapinda zaidi.

Palipo pagumu kuliko pote ni mwisho wa shamba. Plau hufika ukingoni, mkulima anainua vishikio ili ulimi utoke ardhini, mnyororo unalegea. Maksai wa ndani anapaswa karibu kusimama, akipiga hatua ndogo ndogo mahali pamoja, huku wa nje akizunguka kwa upana. Wasiojua hufanya kinyume: wa ndani anajitupa mbele, wa nje anarudi nyuma, nira inageuka juu chini, mguu mmoja unaingia ndani ya mnyororo. Mkulima mwenye busara husimama hapo. Hapigi kelele, hukata mvutano, huutoa mguu, huwaacha wapumue, kisha huwageuza tena kwa kumwongoza wa nje kwa kamba. Kwenye miteremko iliyokatwa makinga maji, nafasi ya kugeuzia ni nyembamba zaidi, na jozi isiyogeuka vizuri huyavunja matuta yenyewe.

Baada ya wiki nne hadi sita za kazi ya kila siku, jozi nyingi huweza kulima kwa wastani. Hapa ndipo furaha huwa kubwa, na hapa ndipo mporomoko wa kwanza huja. Tatizo linalowakera wakulima kuliko yote ni maksai anayelala. Amelima mistari minne, anakunja magoti katikati ya mfuo, anajibwaga. Wengi humkunja mkia. Mkia unaweza kuvunjika na ng'ombe asiinuke. Cha kwanza ni kujua amelala kwa nini. Mwenye kuhema kwa kasi, aliyetoa ulimi, amechoka au ameshikwa na joto, na dawa yake ni kivuli na maji. Asiyecheua na mwenye masikio yaliyolegea anaweza kuwa na homa. Lakini yule anayelala akiwa na nguvu zake, macho yakimtazama mkulima, amegundua kwamba kulala kunaleta kufunguliwa nira. Huyo asifunguliwe pale chini. Asubiriwe, ainuliwe, avute hatua chache, ndipo afunguliwe akiwa amesimama. Makosa ya siku moja huchukua wiki kuyafuta.

Mporomoko wa pili huletwa na kalenda. Karatu hupata mvua za vuli mwishoni mwa mwaka na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Katika miezi hiyo majani hukauka, ng'ombe hula mabua ya mahindi na maganda ya maharage, na maksai hupungua. Mvua za kwanza zinaponyesha, ardhi inahitaji nguvu nyingi kuliko wakati wowote, na wanyama wana nguvu kidogo kuliko wakati wowote. Zaidi ya hapo, hawajavaa nira kwa miezi mingi. Jozi iliyolima na watu wawili mwezi Aprili inarudi kuhitaji watatu mwezi Novemba. Wakulima wanaoliona hili mapema huwatumia maksai kiangazi kwa kazi nyepesi, kuvuta mkokoteni wa samadi au kuni, si kwa ajili ya samadi tu bali pia ili wasisahau. Pia huwawekea mabua yaliyovunwa yakiwa bado na majani, pumba, mashudu ya alizeti kama yapo, na magadi ya kulamba, wiki kadhaa kabla ya mvua. Ng'ombe wa maziwa hupewa chakula bora bila swali kwa sababu faida yake inaonekana jioni hiyo hiyo. Maksai hukumbukwa wingu likishatanda.

Kupoteza mmoja wa jozi ni pigo la namna yake. Magonjwa ya ndigana, chambavu, kimeta na nagana huua, na ada ya shule au matibabu humfanya mwenye ng'ombe auze. Anayebaki hana thamani ya nusu ya jozi, maana hawezi kulima peke yake na huenda akamkataa mwenzake mpya. Kuogesha dhidi ya kupe na kuchanja kwa wakati ni sehemu ya mafunzo kama ilivyo kamba na fimbo, ingawa ni wachache wanaolihesabu hivyo.

Wapo pia wakulima wanaotaka zaidi ya kupindua udongo. Kulima kwa plau miaka mingi kwa kina kile kile kumejenga tabaka gumu chini ya udongo katika mashamba mengi ya Karatu, maji ya mvua hayazami na mmomonyoko unaongezeka. Watafiti wa kituo cha Selian, Arusha, wamefanya kazi wilayani ya kueneza kilimo hifadhi, ambacho hutumia zana inayokwaruza mstari mmoja mwembamba badala ya kupindua shamba zima, na mazao funika kama ngwara. Zana aina ya Magoye, iliyotoka Zambia, hufungwa kwenye fremu ya plau ya kawaida. Kwa upande wa maksai, kazi hii inataka elimu ya juu zaidi: mistari inatakiwa iachane kwa sentimita 75 hadi 90, na hakuna mfuo wa jana wa kumwongoza ng'ombe wa kulia. Palizi ya ng'ombe ni ngumu kuliko hiyo. Nira yake ni ndefu zaidi, ili kila maksai apite kati ya mistari yake, na hufungwa kifuniko cha kamba mdomoni asile mahindi. Mahali ambapo mbaazi zimechanganywa na mahindi bila mpangilio, palizi hiyo haiwezekani hata kwa jozi bora kuliko zote.

Kuhusu punda, ambao Karatu wanabeba maji, mahindi ya kwenda mashineni na kuni, la msingi ni kwamba nira ya ng'ombe haiwafai. Hawana nundu, shingo yao ni nyembamba, na nguvu yao iko kifuani, kwa hiyo huvuta kwa mkanda mpana wa kifua. Hujifunza haraka na hukumbuka njia kwa muda mrefu, na ubishi wao mara nyingi ni woga au maumivu ya mgongo. Wamekuwa adimu kutokana na biashara ya ngozi, ambayo viongozi wa Umoja wa Afrika waliazimia kuizuia mwezi Februari 2024.

Maksai aliyetunzwa hulima hadi umri wa miaka kumi au zaidi kidogo. Mwendo unapopungua, mwenyewe humnenepesha kwa mabua na pumba baada ya mavuno na kumpeleka mnadani, ambako nyama yake huweza kulipa sehemu kubwa ya bei ya madume wawili wachanga. Wenye kupanga mbele hawauzi wote wawili kwa mpigo. Huuza mmoja, na yule aliye mtulivu humbakiza msimu mmoja zaidi, upande wake ule ule wa kulia, afungwe na dume mpya.